Mbao za Jukwaa

Mbao ni arobaini na mbili. Zihesabu mwenyewe.
Umesema ni za banda la kuku, sawa,
kuku nao wana haki ya kukanyaga pazuri.
Ila kabla hujapakia, inama.

Unauona utepe huu mweupe, mkavu kama kigaga?
Hapo alisimama Wendell Krupka, mchomelea vyuma,
usiku wa kwanza, Toledo, uwanja wa kiwanda cha vioo
kilichofungwa Ijumaa, sisi tukaingia Jumamosi.
Bendi tatu, kikuza sauti kimoja, cha kuazima.
Walikuja watu sitini na mbwa.
Tamasha tukaliita Kutu,
maana kila mji uliotualika ulikuwa nayo.

Erie. Saginaw. Duluth, ambako ziwa lilitutupia mvua ya mawe
na Arlo Tessmer akaendelea kupiga ngoma
kavaa kofia ya ujenzi, ya kwangu,
hakuirudisha.
Usiku tulilala juu ya mbao hizi hizi,
migongo ikisikia bado mdundo wa besi
kama moyo wa mtu wa chumba cha pili.

Utepe wa bluu: malori kumi na moja.
Kampuni ya bia ilitundika jina lake juu ya letu,
kubwa mno, hata ukitaka kusoma Kutu ulichuchumaa.
Wendell akanunua koti la ngozi, akaacha kubeba.
Mgema alisifiwa, ndiyo,
lakini tembo lenyewe halikuwa letu tena
hata tulitie maji.

Huu mweusi usiuguse.
Flint, mwaka wa tisa. Uzio wa mbele ulilala
taratibu, kama mtu aliyechoka,
na chini yake Ione Vasko, miaka kumi na saba,
tiketi ingali mkononi.
Magitaa yalinyamaza moja moja,
kama taa za mtaa watu wakienda kulala.
Mama yake hakutushtaki. Kila Krismasi alituma kadi
isiyo na neno, jina la binti tu.
Heri angetushtaki.

Tulizunguka miaka miwili zaidi, kwa mazoea,
kama kuku aliyekatwa kichwa. Niwie radhi,
sikukusudia kuwataja kuku.
Mwisho haukutangazwa. Asubuhi moja, Sandusky,
lori namba nne liligoma kuwaka,
tukalicheka,
kisha tukatazamana.
Kila mtu akachukua alichoweza kubeba.
Mimi nilizipigilia misumari mbao hizi miji sabini na zaidi,
nikaona zinifuate nyumbani.

Bei ni ile ile, sipunguzi.
Leta lori nyuma, pale penye kivuli.
Ngoja.
Huo wa kumi na tisa uegemeze ukutani.
Sasa hesabu tena.
Arobaini na moja.