Pengo Kwenye Kioo

Baba hakuiba. Tuanze hapo.
Kampuni ilitaka risasi tu, galena nyeusi nzito kama deni;
mawe yanayong'aa waliyaita taka,
wakayamwaga nje ya mdomo wa mgodi,
mvua ya Weardale ikayaosha bure.
Yeye aliyarudisha nyumbani kwenye kopo la chakula,
yamevikwa soksi, yamelalia makombo ya mkate,
na mama akimuuliza kila jioni:
"Leo tunakula nini, Cuthbert, kijani au zambarau?"

Maana floriti ile ina ndimi mbili.
Kwa mshumaa, kule chini, ni kijani cha chupa.
Ipeleke dirishani, siku ile adimu yenye jua,
inageuka zambarau kana kwamba imekumbuka jambo.
"Sisi tunaijua usiku," baba alisema,
"matajiri wataijua mchana.
Sasa nani kati yetu ameiona?"

Majira matatu ya baridi alijenga sanduku.
Mbao za makasha ya chai. Vioo vya baa iliyofilisika,
ingawa sisi ni Wamethodisti na pombe hatugusi.
Ndani akapanga mtaa mzima:
kwatzi zikawa mapaa yaliyoganda,
punje za galena zikatandikwa barabarani,
na mwisho wa mtaa, peke yake, mche mmoja wa floriti
mkubwa kama ngumi ya mtoto mchanga.
Gundi alichemsha mwenyewe, kwa kwato za ng'ombe;
siku hiyo mchungaji alikatisha ziara yake.

Kazi yangu ilikuwa karatasi.
Baba alisoma mwamba, herufi hakuzijua.
Nikiwa na miaka tisa, mimi Hester, mwandiko wa mviringo,
niliandika alivyonitajia, neno kwa neno:
*Tabaka la tatu, kaskazini, pale alipoangukiwa Isaac Vipond.*
*Mfuko wa maji, Jumanne, wiki ya mshahara nusu.*
Na ya ule mche: *Huu ulinisubiri.*
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na jiwe bila karatasi ni jiwe tu,
hata likiwa zuri. Hasa likiwa zuri.

Kisha bei ya risasi ikaanguka
na mgodi ukafungwa kabla ya Krismasi.
Kifua cha baba nacho kilikuwa kimekusanya,
vumbi la kwatzi, chembe kwa chembe, bila karatasi yoyote.
Akaja bwana mmoja mwenye glavu na lenzi ya mfukoni.
Hakutaka sanduku. Alitaka mche.
Pauni mbili mezani, mama akazifunika kwa kiganja
kabla baba hajamaliza kukohoa.
Nilimkimbilia mgeni mlangoni na karatasi yangu.
"Ibakishe, binti," alisema. "Yangu nitaiandika mwenyewe."

Usiku ule baba akawasha mshumaa sandukuni.
Kioo hakichagui cha kuzidisha:
mwisho wa mtaa kulikuwa na pengo,
na nyuma ya pengo mapengo mengine sita,
kila moja na mshumaa wake.
Hakuliziba. Nilimpa kipande kingine, akakirudisha mkononi mwangu.

Miaka arobaini baadaye, jijini, katika jumba la makumbusho,
niliukuta juu ya mahameli, karibu na dirisha,
zambarau tupu, umenyooka kama aliyefunzwa adabu.
*Floriti. Kaskazini mwa Uingereza. Zawadi ya*
na jina la mtu ambaye magoti yake hayakuwahi kulowa.
Karatasi yangu ilikuwa kwenye pochi, imechakaa kwenye mikunjo.
Kioo cha kabati hakikuwa na upenyo.

Basi nikavua koti, nikalitanda dirishani kwa mikono miwili
mpaka kivuli kikaufikia.
Polepole, kwa kusitasita,
ukawa kijani.

"Mama," mlinzi akasema nyuma yangu,
"unawazibia watu mwanga."