Herufi Tatu

Tartu, mwezi wa pili, saa kumi na mbili jioni.
Ofisi ya kiwanda cha maziwa imebaki na taa moja
na Tarvo, ambaye kutwa huhesabu lita.
Mbele yake kadi ya posta kutoka kwa dadake Virve,
imefika Ijumaa kama kila Ijumaa,
ina doa la kahawa na fumbo:

    Herufi tatu. Ulipozaliwa ulinikuta.
    Wageni nao huniita jina hilohilo
    usiku, wakibonyeza kengele.

Hakuumiza kichwa. Ana mtambo wa kuumizwa.
Akaburuta kisanduku kwenye kioo, akaburuta kingine,
akaviunga kwa nyuzi kama atungaye shanga:
huku yaingie maneno ya kamusi, laki moja na ushei,
hapa chekecheke, yenye herufi tatu yapite,
hapa yapangwe,
pale litoke jibu.

Akabonyeza. Visanduku vikawaka kijani, kimoja kimoja.
Yakatoka mia nne na kitu.
Kwa lugha yake mwezi ni herufi tatu,
mti tatu, mfupa tatu, mdomo tatu.
Akayajaribu. Mwezi nani anaubonyezea kengele?
Mfupa haukumtangulia kuzaliwa.
Akarudia chujio, akabadili, akarudia.
Kwetu Virve angeshamwambia: basi, nipe mji.

Akainuka kunyoosha mgongo, akaenda dirishani.
Barafu kwenye ngazi, barafu kwenye nyaya,
barafu imeishika baiskeli ya mtu tangu Krismasi.
Barafu.
Nalo ni la herufi tatu.
Akarudi mbio, akatafuta: halimo.

Mji mzima umeganda, na orodha yake haina barafu!

Hapo ndipo alipoufungua mfuko wa wishwa,
kile kisanduku cha waliokataliwa
ambacho hakuna anayekiangalia.
Kumbe mtambo, ukikuta herufi yenye nukta kichwani
au yenye wimbi dogo juu yake,
huihesabu mara mbili, kama mlinzi wa lango
anayemtoza mwenye kofia nauli ya watu wawili.
Barafu ilihesabiwa tano, ikafukuzwa.
Usiku wenyewe ulifukuzwa kwa kuitwa nne.
Na chini kabisa, limejikunyata, limevaa wimbi lake:

    õde

Ndiyo dada. Ndiyo pia muuguzi,
kama nasi tunavyoita wodini, sista, sista,
tusiozaliwa naye tumbo moja.

Miaka kumi na minne Virve yuko hospitali ya Pärnu
na zamu za usiku anazozitaja kwa mkato tu,
mwisho wa kadi, palipobaki nafasi.
Tarvo husoma fumbo. Hiyo mistari mingine
huipitisha macho.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita.
Ikapokelewa: sauti ya chini, viatu vinatembea.
"Nimelipata," akasema, "ni we—"
Nyuma yake kengele ikalia.
"Subiri," Virve akasema, "naitwa,"
akaiweka simu mezani bila kuikata,

na Tarvo akasubiri,
akisikiliza, mbali, mgeni akimwita dada yake.