Daftari la Kutu

Mimi nilipiga ngoma, na kwa kuwa nilijua hesabu
nikakabidhiwa daftari pia: la mistari, jalada la bluu,
lililonunuliwa kwa pesa ya kwanza ya bendi,
shilingi mia tatu. Ukurasa wa kwanza unasema hivyo.

Jina lilikuja lenyewe. Hoza alichomelea geti Chumbageni,
akalipwa gitaa lenye nyuzi nne kati ya sita,
chumvi ya hewa imekwisha kula vichwa vya skrubu.
"Kutu," alisema Mwanakombo. "Nayo haibishi hodi."
Tukaishia hapo. Tulikuwa na njaa.

Mwanakombo ndiye aliyeghani.
Hakuimba: alighani, kwa kasi ya cherehani ya mama yake,
neno juu ya neno, pindo juu ya pindo, uzi haukatiki,
na nyuma yake Hoza akililiza gitaa
kama bati linaloburutwa juu ya sakafu.
Watu wa Ngamiani walituuliza: huu ni muziki au ugomvi?
Tulikuwa hatujaamua.

Ukurasa wa saba: ukumbi wa Makorora, kiingilio mia tano.
Waliolipa, kumi na mmoja.
Waliopitia dirishani sikuwahesabu, ila ndio waliocheza.
Kisha harusi ya Pongwe, tulikoitwa kwa makosa;
bwana harusi alidhani sisi ni taarabu.
Tulipiga dakika sita, tukalishwa, tukaombwa tusiendelee.
Mapato: pilau.

Akaja mtu kutoka Dar, viatu vyeupe katika tope la Duga,
na mkataba wa kurasa tatu.
"Binti namchukua, mdomo wake ni mali.
Gitaa liondoeni. Na huyu wa ngoma, tuna mashine."
Mwanakombo alizisoma zote tatu polepole,
kama mtu anayechambua mchele,
akafikia jiwe, akalionyesha kwa ukucha:
"Hapa pameandikwa milele."
Akamrudishia kalamu.

Mimi niliandika: mapato, hakuna.
Mwandiko wa siku ile umepinda, tazama.
Nilikuwa na kodi ya miezi miwili
na niliitamani pesa ya yule bwana, hata bila ngoma yangu.
Hilo sikumwambia mtu.

Basi tukajitolea santuri wenyewe, kwenye kompyuta ya Semkiwa,
kumi kwa usiku, umeme ukiruhusu.
Nembo tuliichonga kwenye kiazi, tukaigonga kwa wino wa buluu,
na kiazi kilipooza tukachonga kingine,
ndiyo maana hakuna Kutu mbili zinazofanana.
Nilizitembeza kwa baiskeli. Muheza tulifika juu ya lori la machungwa.
Korogwe umeme ulikatika katikati ya shairi
na Mwanakombo hakusimama, hata pumzi hakuvuta,
nikapindua ndoo ya mama ntilie nikamfuata,
na Hoza, gitaa limekufa mkononi, akapiga makofi
gizani, peke yake, halafu si peke yake.
Usiku ule sikuuandikia kiasi.

Hatukugombana. Watu hupenda kusikia tuligombana.
Hoza alipata zamu kiwandani, kwenye saruji,
sikio la kushoto lilikuwa limeshakwenda.
Mwanakombo anashona sare za shule;
ukipita dukani kwake usimsalimie kwanza,
sikiliza mguu wake kwenye pedali.

Wiki iliyopita alinijia mtu mwenye mvi ndevuni.
"Mwaka ule nilikukopa santuri tano. Nilikuwa nakupita kwa njia ya nyuma."
Akahesabu noti juu ya tandiko la baiskeli ninayoitengeneza.
Akasema bintiye anaijua yote, ile ya Korogwe,
lakini anaighani kwa kishindo cha ndoo tu,
hajui kama iliwahi kuwa na gitaa.

Nilipokea pesa. Nikafungua daftari, nikalitafuta jina lake,
lipo, deni lipo, wino umefifia.
Kalamu ilikuwa mkononi.
Nililiacha.