Kabla Maharage Hayajaiva

Ambakisye, mdogo wangu, mpishi wa hoteli huko Unguja,
amenikatia tiketi na kunitumia hesabu:
Songwe hadi Dar, saa moja na ushei;
Dar hadi Unguja, dakika ishirini,
"hata soda, dada, hutaimaliza."

Mimi nilikuwa na vipimo vyangu.
Uyole hadi Mwanjelwa: mzigo mmoja wa kichwa,
kupumzika mara mbili.
Nyumbani hadi bombani: pambio zima la kwaya
na ubeti wa kwanza tena.
Unguja ilikuwa lori na jahazi la mizigo:
siku nne, breki zisipopata moto Kitonga;
tano, kama dereva ana mwenyeji Makambako.

Viazi vyangu vinaijua njia hiyo.
Mwaka wa tisa sasa vinateremka
na udongo wetu mweusi mgongoni,
vinavuka maji ambayo sijayaona,
vinaishia kwenye urojo
wa watu wanaodhani kiazi huota sokoni.

Tumpe, binti yangu, akaweka rula kwenye atlasi.
Sentimita saba.
"Kilomita mia saba, mama, kwa kunyoosha."
Nikamuuliza nani amewahi kunyoosha
kitu chochote katika milima hii.

Basi nikapima kwa chungu.
Huku juu maharage ni makaidi,
Julai ndiyo kabisa:
saa tatu yanachemka, yanakutazama tu.
Saa kumi alfajiri nikawasha moto,
nikamwita Subilaga, jirani:
"Ongeza maji, usiongeze maneno.
Ndege ikipaa nitakubipu.
Nikishatua Unguja nitapiga,
uniambie kama yameanza hata kupasuka."
Akacheka. Tukawekeana dau:
sahani yangu ya bati, kanga yake ya harusi.

Songwe ukungu umeatamia njia ya ndege
kama kuku mwenye mayai kumi na mawili.
Ukimsogelea, anajivimbisha.
Saa moja. Saa mbili.
Bwana mmoja wa tai anaitazama saa yake
kana kwamba yeye ndiye aliyeiajiri.
Mtoto anauliza kama ndege imelala.
Sauti inatuomba radhi,
kwa upole, kama anayetukopa.
Na mimi nimekaa na viatu vipya,
nimekunja mikono juu ya pochi,
nikijifunza kipimo ambacho Ambakisye hakukiandika:
kuondoka.

Saa tatu simu inalia.
"Umefika?"
"Sijaondoka."
Kimya. Nasikia mwiko ukigonga chungu.
"Yameiva, Mama Tumpe. Yamelegea, hata meno hayana kazi."
"Kuleni basi.
Sahani ni yako. Mwachie Tumpe ukoko."

Sijaiweka simu pochini, inalia tena.
Huyu sasa ni Ambakisye, yuko bandarini, kuna kelele za watu:
"Dada, gunia lako la Ijumaa limeshuka sasa hivi.
Nimefungua kamba, bado linanukia shamba.
Wewe je, uko wapi?"

Nikatazama dirishani.
Palipokuwa na mlima pakaonekana kipande,
upana wa kitambaa cha kichwa,
kisha pakafungwa.

"Niko nyuma ya viazi," nikasema.
"Viandalie maji."