Sanduku la Radido

Radido alinyoosha futi juu ya meza
akauliza kwa sauti aliyoizoea,
ile ya chini, ya kutolea pole:
"Marehemu ana urefu gani?"
Futi tano na inchi nne, nikamwambia,
ila huyu hajafa. Huyu anataka kucheza.

Kicheko chake kilipeperusha unga wa mbao.
Kondele nzima inamjua kwa majeneza,
vidole tisa, cha kumi kilikwenda na msumeno.

Tulitumia masalio:
vipande vilivyokatwa pale miguu inapokomea,
plaiwudi yenye vanishi upande mmoja.
Kioo nilikitoa kwenye televisheni ya shangazi
iliyopigwa radi mwezi wa nne,
sauti ikafa, picha ikabaki.
Na kompyuta yenyewe, Awino alipoiona
aliigeuza-geuza kama kiberiti kisicho na njiti:
"Mama, haka ndiko katabeba sanduku lote?"

Haka ndiko.
Kanalala kiganjani na nafasi inabaki.
Kana pini arobaini, safu mbili,
wima kama wanafunzi kwenye gwaride la Jumatatu,
na kila moja ina kazi yake; ukikosea waya
juu kunakuwa chini,
ukitaka kuruka unapiga risasi.
Nilikosea mara tatu.
Usiku wa pili tokeni ziliisha
chuma cha kulehemu kingali kinafuka mkononi.
Nikaketi gizani kusubiri kipoe,
nikinusa moshi wa lehemu
na omena wa jirani.

Radido akachonga mabega,
akapigilia vishikio vya shaba ubavuni,
viwili huku, viwili kule.
"Mkono wangu haujui njia nyingine," akasema.
Sikubishana. Vilisaidia kulibeba.

Jumamosi tukaliwasha.
Watoto wakapanga foleni hadi kwa mama mandazi,
lakini aliyeshika kijiti kwanza ni fundi,
miwani kwenye paji, ulimi nje,
vidole tisa vikitafuta vitufe sita.
Akafa. Akafa tena, upesi zaidi.
Kioo kikamwuliza swali
nililoliandika mwenyewe, bila kufikiri:
Unaendelea?

Akasimama akilitazama neno lile,
mtu aliyepima watu wangapi
na hakuna hata mmoja aliyeulizwa hivyo.
"Mzee, zamu!" watoto wakapiga kelele.
"Ngojeni," akasema.
Akabonyeza.