Ushuru wa Mwisho

Mara ya kwanza ulikuwa maboksi ya nafaka
yaliyokatwa kwa mkasi wa kukatia kuku,
vifungo vya koti la marehemu mamake vikawa mashua,
maharagwe meupe yakawa chumvi.
Wiebke alituita Alhamisi, jikoni kwake Lüneburg,
mvua ikigonga kioo, supu ya dengu mekoni.
"Kaeni. Msiniulize kitu," akasema. "Mimi sipo."

Akapanda juu ya ngazi ndogo, daftari gotini,
akatutazama kama daktari atazamavyo ulimi.

Detlev alikamata kisima cha kwanza
na tangu hapo utajiri wake ukazaa utajiri.
Sisi wengine tukawa tunasogeza vifungo
kama watu waliopanga foleni kulipa kodi.
Dada yangu Antje akaanza kumenya karanga.
Hakulalamika. Wiebke akaandika:
*Antje, karanga, zamu ya kumi na moja.*
Basi. Hakuandika nani alishinda.

Baadaye, nikimfutia vikombe, aliniambia
aliyechoshwa hakwambii kweli kwa mdomo,
adabu humzuia. Tazama mikono.
Mkono unaoikaribia kete kabla ya zamu yake,
huo ndio unaokusifu.
Mkono unaotafuta simu umekwisha kukuhukumu.

Wiki iliyofuata aliondoa dadu zote.
Wiki ya tatu akarudisha moja, kwa shingo upande:
bila bahati, Detlev hushinda;
kwa bahati tupu, hakuna anayeshinda,
kuna anayeangukiwa tu.

Alikuwa na sheria ya mafuriko.
Aliipenda kama kitindamimba:
kurasa mbili, kadi ishirini na nne
alizozichora mwenyewe kwa wino wa buluu,
kila tone la maji na kivuli chake.
Ilikuwa nzuri. Na kila ilipofika
mtu alisimamisha mkono hewani, akauliza,
"Sasa nifanye nini?"
Nilimwona akizikata kwa mkasi ule ule wa kuku,
kisha akala keki ya tufaha akiwa amesimama,
amelipa dirisha uso.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa.
Ila yeye alitaka kujua kushindwa kwenyewe
kunalika vipi.
Akaniuliza mimi, mtaalamu,
niliyeshindwa Alhamisi kumi na tisa:
"Zamu yako ya mwisho, ulikuwa bado na la kuamua?"
Nikasema hapana. Akafuta.
Nikasema labda. Akafuta tena.

Februari, jirani Bi Oltmanns alimleta mjukuu wake,
Fenja, miaka tisa, pengo mbele, makombo kidevuni.
Tukampa karatasi atusomee.
Wiebke alikuwa ameandika: *Ushuru ulipwe mwisho.*
Fenja akasoma: "Ushuru alipwe wa mwisho,"
akahesabu maharagwe matatu
akayasukuma kwangu, mimi wa mkiani.

Detlev akafungua kinywa.
Juu ya ngazi kikapanda kidole kimoja,
mara ya kwanza tangu vuli:
"Endeleeni."

Sijui niseme nini kilitokea.
Antje alipunguza mwendo ili aachwe nyuma,
nami nikapunguza zaidi, nikijikokota kama kobe mgonjwa,
Detlev akatugeuka, akabaki nyuma yetu sote,
akacheka! Detlev, mkaguzi wa hesabu!
Kisha Fenja akakurupuka peke yake hadi bandarini
tukabaki tunagombea nafasi ya mwisho
kama wajinga.
Karanga zilikaa na maganda yake.
Supu iliungua, na aliyeisikia harufu alinyamaza.

Wachapishaji watatu wamerudisha boksi.
Wa nne yuko kimya tangu Pasaka.
Wiebke anasema daraja la pili bado ni zito,
na vifungo viwili vinafanana mno taa ikiwa hafifu.

Nimeshinda mara moja tu, mwezi wa Aprili.
Niliinua kichwa nimwone akifurahi.
Alikuwa anaitazama mikono ya walioshindwa:
ilikuwa imeshaanza kupanga ubao upya.