Takwimu za Robo ya Tatu

Usiku usio na mvua
taa za Australia huonekana kutoka mlangoni pa zahanati:
tatu nyeupe, moja nyekundu juu ya mnara wa simu.
Kati yetu, kilomita nne za maji ya tope.
Kebei Sisa, wa kifua kikuu sugu, huzihesabu
kila ajapo kumeza vidonge mbele yangu,
kisha hupanua kinywa kama kinda la ndege
nihakikishe chini ya ulimi hakikubaki kitu.

Mimi ni Wagia Baira, muuguzi.
Pwani hii ya Papua wananiita Mama Makohozi,
maana ndiyo ninayowaomba watu alfajiri:
si mate, mwanangu, kitoke chini, kitoke ndani.
Nafunga kikopo, naandika tarehe,
naweka kwenye sanduku la barafu
lenye kibandiko cha kangaruu na salamu za wafadhili.
Kibandiko ni imara.
Mfuniko ulivunjika mwaka juzi.

Fedha ya nchi yetu inaitwa kina,
na haina kina.
Petroli ya boti, vidonge, glavu,
hata penseli hii niliyoitafuna kichwa,
vyote vimevuka maji kutoka kule.
Najua wahenga walivyosema
juu ya mtegemea cha nduguye.
Wahenga hao hawakutema damu
kwenye kikopo cha plastiki.

Bi Tresize alikuja kutukagua, buti mpya,
daftari lake la aina isiyolowa.
Alinena kweli, na kwa hilo nilimpenda:
"Bunge letu halitoi kwa huruma, Wagia.
Linatoa kwa kuwa kikohozi hakina pasipoti."
Sikununa.
Kidonge kilichonunuliwa kwa hofu
hakizidi uchungu kile cha mapenzi.
Nikampasulia dafu. Akaulizia mrija.

Mwaka ule wagonjwa wapya sitini na mmoja.
Uliofuata, thelathini na wanane.
Mwaka huu kumi na wawili,
tukachinja nguruwe, tukaimba hadi jenereta ikazima.
Ndipo barua ikaja:
*Kwa kuzingatia mafanikio yaliyopatikana,
mradi sasa unaingia awamu ya mpito.*
Mpito.
Nililisoma mara tatu neno hilo lenye miguu.
Kumbe siku zote tulizokuwa tukipona
tulikuwa tukiwasindikiza.

Leo fomu iko mezani. Safu ya nne: wagonjwa wapya.
Nikiandika kumi na wawili, boti haina petroli.
Nikiandika hamsini, nani atavuka kuja kuhesabu?
Majina ninayo, marehemu hawakatai kuandikishwa.
Mama yangu, Dabu, aliyeondoka kabla ya sanduku la barafu,
angekubali kukohoa tena kidogo
kwa ajili ya wajukuu.
Penseli ilisimama hapo
muda wa chai kupoa na kuingia nzi.

Niliandika 12.
Nilikandamiza mpaka karatasi ya chini ikapata alama.
Kisha kwenye *Maoni*, kisanduku cha kutosha sentensi moja,
nikaanza, nikafurika pembeni, nikageuza ukurasa:
*Kebei Sisa amebakiza siku tisini na nne.
Kabatini mna vidonge vya siku sitini.
Dawa ikikatizwa, ugonjwa hauponi, unajifunza.
Nijazeni nyinyi safu hiyo.*

Anaingia sasa, ndala mkononi, matope hadi magotini.
Anatazama ng'ambo kama kawaida yake.
"Leo ziko tano, Mama. Moja inatembea."
Ni boti ya doria.
Hiyo haijawahi kukosa petroli.

Namwambia, meza.
Namwambia, fungua kinywa.